Nilikupa Parole, Epiphanie

Jumatatu, 4 Agosti

Epiphanie, mke wangu,

Jumamosi tunaondoa matanga yako. Mwaka umeisha. Kaka yako Gélase ndiye anayegawa parole, yaani nani aseme na nani anyamaze. Mimi nimeambiwa ninyamaze. Eti kwenye mazishi niliongea mpaka wali ukapoa. Uongo! Wali uliletwa umepoa.

Lakini nilikupa parole yangu pale hospitalini, ahadi ya mtu mzima: siku hiyo nitasema lile la jiwe. Kila Jumapili ulikuwa unasimama njiani, unavua kiatu, unakung'uta jiwe. Jiwe halikuwamo. Ulikuwa unaningoja mimi na mguu wangu mbovu, watu wasijue. Ni hilo tu. Dakika moja!

Jumanne, 5 Agosti

Mungu yupo! Gélase kanituma Lilongwe nikachapishe fulana za picha yako. Yeye mgongo unamuuma. Mpango umekuja wenyewe. Chini ya picha nitaandikisha: Parole, Ndayisenga. Ukoo mzima ukivaa jina langu kifuani, ataninyima vipi? Nilicheka peke yangu. Jirani akauliza kama nina malaria.

Jumatano, 6 Agosti

Chilinde, mtaa wa Lilongwe. Mchapishaji ni Mmalawi, mtu mpole sana. Tuliongea Kiingereza changu cha kuokoteza. Akasoma lile neno, akanitazama kwa huruma. Parole? Mama huyu alikuwa wapi? Nikajibu Dzaleka. Muda mrefu? Mrefu mno. Na tabia yake? Nzuri, nikasema, hajawahi kugombana na mtu. Akanishika mkono, pepani bambo, pepani, yaani pole baba, akaahidi kuandika vizuri kuliko nilivyoomba. Hawa watu wana moyo!

Ijumaa, 8 Agosti

Nimerudi na gunia. Sijalifungua. Siri ni siri. Gélase alitaka kuona fulana moja. Nikamwambia kuona kabla ya siku ni mkosi. Akaamini! Yeye aliyesoma!

Jumamosi, 9 Agosti

Niligawa fulana padri alipofika, ili asiwepo wa kukataa. Wote wakavaa. Stéphanie, binti wa Gélase anayejua Kiingereza, akasoma kifua cha baba yake kwa sauti: Epiphanie, Gereza la Dzaleka, amefunguliwa kabla ya kifungo kuisha, kwa tabia njema.

Kumbe kwa Kiingereza parole ni hiyo!

Na hapa palikuwa gereza kweli, kabla yetu sisi wakimbizi. Ndipo mama Mukamurenzi akapaza sauti: "Njo kweli! Ye amefunguliwa. Siye bengine tungali ndani!" Watu wakacheka huku wanafuta machozi.

Gélase akanigeukia, mishipa ya shingo imesimama. "Haya, shemeji. We ulitaka parole? Chukua basi. Eleza hii aibu."

Parole! Nikasimama. Nikaeleza kwamba kwa Kifaransa ni neno, kwa Kiingereza ni mfungwa, kosa si langu, ni la Waingereza. Nikaeleza mchapishaji. Nikaeleza gunia. Nilikuwa nimefika kwenye mgongo wa Gélase padri aliposema amina. Wali ukaletwa. Wa moto.

Nimeshakaa, sahani mkononi, ndipo nikakumbuka jiwe.

Jumapili, 10 Agosti

Nimekwenda kanisani peke yangu. Njiani hakuna aliyesimama.

Sista Carmen, yule Mwitaliano, ameiona fulana yangu. Anasema kwao parole ni maneno, mengi. Neno moja ni parola.

Njo hapo! Niliomba mengi, nikapewa mengi, lile moja likapotea humo. Shida yote ni herufi moja! Mwezi ujao jirani yetu Gakiza anaoza binti yake na anataka vitambaa vya kuchapisha. Nimeshajitolea kwenda Chilinde. Nitaandikisha: Parola, Ndayisenga. Nani ataninyima neno moja? Gélase hajui. Siri ni siri.

Na wewe uliyefunguliwa, usitangulie mbali sana. Vua kiatu kidogo. Unikumbuke.