Nani Anakunywa Oili ya Baba Mkwe?

Jumatatu, 3 Juni

Nimekwisha! Asubuhi nimeingia stoo kufuta vumbi pikipiki ya baba mkwe, nikafungua kifuniko cha tangi la oili. Tupu. Wiki iliyopita nililijaza mwenyewe hadi juu. Sakafuni hakuna hata tone.

Baba mkwe anarudi Jumamosi, baada ya miezi minne. Pikipiki hii ya kizamani, ya zile zinazochoma oili pamoja na petroli, anaipenda kuliko sisi sote. Miaka mitatu tangu nimwoe binti yake hajawahi kuniachia hata mwavuli. Safari hii aliniachia ufunguo na agizo moja: tangi la oili lisikauke hata siku moja. Akanitazama muda mrefu. Sikuthubutu kuuliza kwa nini.

Nimejaza tena. Robo chupa imeingia kwenye kiatu.

Jumanne, 4 Juni

Nimechora mstari kwenye tangi kwa wino. Asubuhi oili ilikuwa sawa na mstari. Jioni, vidole viwili chini! Beseni nililoweka chini ya injini ni kavu kabisa. Basi haivuji. Inaibwa.

Na mwizi namjua. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, fundi pikipiki, wote wanamwita Spana. Anakula kwetu kila mchana na mikono yake inanuka oili. Nimemnong'oneza mke wangu. Ameuliza nilitaka fundi anuke nini, marashi? Kikulacho ki nguoni mwako.

Nimejaza.

Jumatano, 5 Juni

Makufuli mawili mlangoni. Funguo nimezivaa shingoni, hata bafuni.

Mezani nimemkazia macho Spana. Ameuliza kama jicho linaniuma. Kisha, kwa upole wa kutisha, ameuliza kama pikipiki ya mzee ni nzima au aje aitazame. Nimemwambia aliyekabidhiwa ni mimi, asijisumbue. Ukweli ni kwamba namwogopa. Nikimuuliza jambo moja tu la injini atacheka, na kicheko chake kitamfikia baba yake kabla ya Jumamosi.

Saa kumi nimefungua stoo. Makufuli yote salama, oili nusu tangi! Nywele zimenisimama. Mtu hakuingia. Basi si mtu.

Nimejaza huku nimefumba macho. Nimetoka kinyumenyume, nikisali.

Ijumaa, 7 Juni

Jana sikuandika. Kalamu ilikuwa haishikiki. Chupa ya sita imekwisha.

Leo nimejikaza niwashe injini, angalau nijue kama inapumua. Kiki ya kuwashia haishuki! Nimeipanda kwa miguu miwili, nikabaki nimesimama juu yake kama kuku juu ya uzio. Imekakamaa. Nimeua pikipiki ya baba mkwe! Nimekaa sakafuni nikalia. Sioni haya kuandika, hapa hasomi mtu.

Halafu nikakumbuka niliwahi kusikia kwamba injini ikikakamaa unatoa plagi. Nimeitoa. Nimekanyaga kiki kwa nguvu zangu zote. Oili imeruka kutoka tundu lake hadi darini, ikashukia mapazia meupe ya mke wangu, yaliyofuliwa jana na kuanikwa mlangoni. Mke wangu hakupiga kelele. Hilo ndilo lililonitisha. Amekwenda kumwita kaka yake.

Spana ametazama dari, ametazama mapazia, akanitazama mimi. Amesema hakuna mwizi wala jini. Ndani ya pampu ya oili kuna kigololi cha chuma na springi vinavyozuia oili wakati injini imezimwa. Vikichoka, na pikipiki ikalala muda mrefu, oili inateremka taratibu hadi tumboni mwa injini. Kila nilipojaza nilikuwa naizamisha. Ameuliza ni mpumbavu gani aliyeniagiza nijaze pikipiki iliyolala. Nimemwambia ni baba yake. Ameangalia mlangoni haraka, akashusha sauti. Kumbe naye anamwogopa!

Amemwaga oili yote ya tumboni, ameweka kigololi kipya na springi mpya, amefuta mpaka darini. Ameniomba kitu kimoja: nisiguse nisichokijua. Nimeapa.

Jumamosi, 8 Juni

Baba mkwe amefika. Salamu fupi, moja kwa moja stoo. Kiki moja, imewaka! Moshi mzito, majirani wamefunga madirisha. Kisha ukapungua, injini ikatulia, ikaimba.

Ameizunguka mara mbili. Ameuliza nani ameitengeneza, maana hata alipoiacha haikuwa nzima hivi. Spana alikuwa anafungua mdomo. Wangu ukawahi. Nimesema ni mimi, baba.

Spana amekohoa. Mke wangu ametazama viatu vyake. Baba mkwe ameweka mkono begani kwangu, akasema alinidhania vibaya. Miaka mitatu nimeusubiri mkono ule! Macho yalinilowa.

Akaendelea. Siku nyingi alitamani kwenda kwa dada yake, mwendo wa siku mbili porini, akiogopa kuharibikiwa njiani. Sasa haogopi tena. Kesho kutwa anaondoka, na fundi wake kwenye kiti cha nyuma. Mimi. Mdomo umeponza kichwa.

Jumapili, 9 Juni

Sijalala. Mke wangu amesema nikamwambie baba ukweli, hatanila. Spana naye amekuja asubuhi, amesema atasimama nami, tuseme wote wawili. Shemeji mwema kweli. Nimemkatalia. Bado nauhisi mkono ule begani, siwezi kuuacha uondoke.

Na akili ninayo. Nilimtazama Spana akifungua pampu: ni bolti mbili tu. Nikilegeza moja kidogo, oili itadondoka kidogo, safari itaahirishwa, nami nitaikaza mbele ya mzee. Heshima juu ya heshima!

Nimelegeza. Bolti imetoka yote. Springi imeruka dirishani, kigololi nimekisikia kikiviringika mahali fulani, oili ikajaa viganjani.

Baba mkwe akatokea mlangoni na kofia ngumu mbili. Amebadili nia, anasema tuondoke leo hii. Ameuliza kama pikipiki iko tayari.

Nimesema iko tayari, baba.