Leseni ya Soseji na Mlango Usiofunga

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimekwenda kuhuisha leseni ya kupeleka soseji zangu za moshi nje ya nchi. Nilivaa tai. Karani hakuitazama tai. Kasema leseni yangu inaisha mwisho wa wiki, mkaguzi atakuja Ijumaa, na jambo kubwa ni chumba cha baridi: kiwe baridi, na mlango ufunge.

Mlango wangu unafunga vizuri sana, mradi awepo mtu wa kuuegemea.

Mnunuzi wetu wa ng'ambo anangoja mzigo. Akiukosa, atahamia kwa mwingine, na mwingine ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mwenye bucha upande wa pili wa barabara. Namwita Bwana Usafi. Ananawa mikono kabla ya kunawa mikono.

Mke wangu kasema niite fundi abadilishe mpira wa mlango, basi. Fundi! Mfanyabiashara wa kimataifa ahangaike na mipira? Akili ni mali.

Jumanne, 5 Machi

Nimempigia mkaguzi simu kumwomba asogeze siku. Niligeuza sauti ikawa nyembamba, nikajitambulisha kuwa katibu muhtasi wa kampuni. Nikasema mkurugenzi yuko safarini. Mkaguzi, mama mmoja daktari wa mifugo, kasikiliza kwa upole. Kisha kanishauri ninywe maji ya tangawizi kwa hayo mafua, na nimwambie mkurugenzi kwamba anamwona kutoka dirishani kwake, kasimama kwenye maegesho na tai nyekundu.

Ningepiga kutoka nyumbani.

Jumatano, 6 Machi

Mpango mpya. Mkaguzi akiwa nje, mimi nitakuwa ndani nimeushika mlango kwa komeo. Ataona umefunga, ataandika, ataondoka. Rahisi!

Nikaingia kufanya mazoezi. Nikauvuta kwa nguvu. Mlango ambao haujafunga tangu mwaka jana ukafunga! Ukakataa kufunguka! Nikapiga kelele. Nikapiga mlango kwa soseji. Mke wangu alipofika na kunifungua kwa bisibisi, nilikuwa siwezi hata kutamka jina langu. Kaniuliza kama nilikuwa napima ubaridi. Nikatikisa kichwa kuitikia, au pengine kilikuwa kinatetemeka chenyewe.

Ameniuliza tena kuhusu fundi. Nikaomba chai kwa ishara. Meno yalikuwa hayajatulia.

Alhamisi, 7 Machi

Mungu hamtupi mja wake! Bwana Usafi amesafiri kwenda harusini na amemwachia mke wangu funguo. Kwa majigambo yake mwenyewe, chumba chake cha baridi ni kipya, kinang'aa kama hospitali. Mlango ukiusukuma kwa kidole unajifunga wenyewe, tena kwa adabu.

Jioni nimevuka barabara na nyundo. Nimeng'oa kibao chake, nimepigilia changu. Kimekaa upande kidogo, lakini kinasomeka. Mke wangu nimemwambia nakwenda kumlindia kaka yake mali. Kanitazama kama mtu anayesoma maandishi madogo.

Ijumaa, 8 Machi

Niandike yote kwa utaratibu.

Daktari, yule mkaguzi, kafika asubuhi. Nikampokea mlangoni kwa shemeji kama mwenye mji. Kaomba niwashe taa. Nikabonyeza swichi: feni ikazunguka. Nikabonyeza nyingine: kengele ikalia. Kaomba nimwonyeshe chumba cha baridi. Nikafungua mlango kwa madaha, tukatazamana na mafagio. Nikamweleza kwamba huanza na mafagio ili wageni waone tunavyojali usafi. Akaandika kitu.

Chumba chenyewe tulipokipata, kilimpendeza. Kipimajoto kizuri, sakafu kavu. Nilikuwa nahesabu ushindi wangu mlango wa nyuma ulipofunguka.

Mama mkwe! Nilisahau kwamba anaishi pale pale nyuma kwa mwanawe! Nikamwamkia shikamoo kwa sauti kubwa ili nimzibe mdomo. Kaitikia marahaba vizuri tu, kisha kaniambia, "Mkwe wangu, mbona umebandika kibao chako kwenye nyumba ya mwanangu? Na jana ulivyogonga misumari, mimi nikadhani tumevamiwa!"

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliishia miguuni pa mama mkwe.

Daktari akafunga faili lake. Akasema kwa utulivu, "Sasa nipeleke kwako."

Nikapatwa na maumivu ya tumbo. Akasema ataningoja. Yakahamia mguuni. Akasema barabara ni ya kuvuka tu.

Tukavuka. Mke wangu alikuwa mlangoni kwetu, kajifunga kitambaa cheupe kichwani. Sakafu imepigwa deki. Taa ni swichi moja. Na mlango ukafunga, taratibu, bila kuegemewa na mtu! Kumbe fundi alikuja jana, mimi nikiwa napigilia misumari. Daktari akabana karatasi kwa mlango, akaivuta, haikutoka. Akatabasamu, mara ya kwanza.

Leseni imepita. Msimamizi wa chumba cha baridi ameandikwa mke wangu. Mimi nimeandikiwa kuhudhuria mafunzo ya usafi na uaminifu, la sivyo leseni itafutwa. Usiku mke wangu hakunigombeza. Kaniambia tu nikamwombe radhi mama yake. Hilo liliniuma kuliko baridi ya juzi. Nimekwenda. Mama mkwe kanisamehe, kacheka hadi kashika mbavu, kaomba nimsimulie tena pale pa mafagio.

Jumapili, 10 Machi

Mzigo umeondoka. Bwana Usafi amerudi, amekuta kibao chake mahali pake, lakini ameona matundu ukutani. Nimemwambia ni ya kupitisha hewa. Kashukuru.

Nimetafakari sana. Kosa langu lilikuwa moja tu: nilihamisha kibao, wakati ningehamisha mtu. Mafunzo yanaanza wiki ijayo. Shemeji anapenda usafi, mimi siupendi. Kwa nini asiende yeye kwa jina langu? Nimemweleza kwamba ni heshima wanayopewa wachache. Amekubali, maskini, amefurahi hadi kanawa mikono.

Mke wangu kanikumbusha kwamba mwalimu ni Daktari yule yule. Si kitu. Tofauti yetu kubwa ni masharubu yangu, na shemeji nimeshamwambia asinyoe kuanzia leo. Masharubu huota haraka mtu akitia nia.