Baraka za Mashine Isiyo Yangu

Leo nimeaibika mbele ya pasta, kwaya na shamba zima la majani chai. Nina hasira hadi sijui nianze kumkasirikia nani. Acha niwakasirikie wote, mmoja baada ya mwingine.

Mnajua kazi yangu ni kutengeneza viwanja vya nyumba za watu: nyasi, ua, na kabro, yale matofali ya kutandika chini. Hapa Roret wananiita Mama Kabro. Mwalimu Langat, ambaye amestaafu, alinipa kazi ya kusawazisha uwanja wake ulio kwenye mteremko. Jumamosi ni koito, siku ya kuposwa kwa binti yake. Wakwe wanatoka Ndanai na Mwalimu hataki wakalie viti vinavyoteleza kuelekea kwenye chai. Tena yeye ndiye mwenyekiti wa kamati ya ujenzi kanisani. Uwanja wa kanisa unangoja mtu wa kuusawazisha, na nilitaka mtu huyo awe mimi.

Akaniuliza, "Mama Kabro, mashine uko nayo?"

Nikamjibu, "Mwalimu, mashine ziko." (Si uongo. Ziko. Ziko Nakuru, kwa wenyewe.)

Ndipo nikapata wazo ambalo niliona ni kali sana. Niliwapigia simu wauzaji wawili wa vile vitingatinga vidogo vya minyororo ya mpira, vinavyozoa udongo bila kuzama kwenye matope yetu. Kila mmoja nilimwambia nataka kununua, lakini siwezi kuchagua kabla sijaiona mashine yake kazini. Wa kwanza aje asubuhi achimbe upande wa juu. Wa pili aje alasiri ajaze upande wa chini. Wote warudi kwao salama, nami nibaki na uwanja. (Msinione mwizi. Siku moja nitanunua kweli. Kwani mtu hachagui?)

Wa asubuhi, kijana anaitwa Kevo, alikuja asubuhi. Wa alasiri, Bwana Njoroge, naye akaja asubuhi!

"Mama, niliogopa mvua," akasema. "Huku kwenu alasiri lazima inyeshe."

Nilimkasirikia sana, hasa kwa sababu ni kweli.

Nilidhani watanigeukia hapo hapo. Wapi! Walitazamana, wakapanda mashine zao, wakaanza kushindana. Udongo ulihama kutoka juu kwenda chini hata sikuwahi kuelekeza.

"Mathe, cheki!" Kevo akapaza sauti. "Mkono ya yangu inapanda kwa kupinda, inachimba poa! Hiyo yake ni ya kupakia lori tu!"

"Na yako haina hata kibanda!" akajibu Njoroge. "Mama anyeshewe juu ya mashine yake?"

Mimi nimesimama katikati, mikono kiunoni, natikisa kichwa kama mnunuzi. Kabla ya chakula cha mchana uwanja ulikuwa sawa kama chai iliyochunwa vizuri. Nikaanza kufikiria kifungua kinywa cha koito, mimi nikitambulishwa kwa wakwe. Kumbe shetani naye alikuwa anapiga pasi suti yake.

Mwalimu akatokea langoni. Nyuma yake pasta. Nyuma ya pasta, akina mama wa kwaya, na sare, na vitambaa vyeupe kichwani.

Mnajua desturi ya huku. Gari jipya, pikipiki, ng'ombe wa gredi, hata tangi la maji, halitumiki mpaka liombewe. Mwalimu alikuwa ameniandalia baraka za mashine yangu mpya. Bila kuniuliza! Nani alimtuma?

"Mama Kabro!" akasema, machozi yakimlengalenga. "Kumbe ziko mbili na ulikuwa umenyamaza!"

"Mwalimu, si lazima..."

"Baraka haikataliwi, mama."

Pasta akainua mikono. "Bwana, tunaleta mbele yako hizi mashine mbili za dada yetu, zenye amenunua kwa jasho yake..."

Nikafungua jicho moja. Kevo alikuwa amefungua yote mawili, ananitazama. Njoroge pia.

"Amina!" Kevo akaitikia kwa sauti kuliko kwaya. Akaninong'oneza, "Kumbe ulishaamua, mathe? Ni yangu, ama?"

Kabla sijajibu pasta akasema, "Sasa mwenye mashine apande, azungushe kidogo tumshukuru Mungu."

Sijawahi kuendesha hata trekta. Nilichagua ya Njoroge kwa sababu moja tu: ina mlango. Nilifikiri nitajificha ndani. Yeye akaniwashia injini huku anatabasamu hadi magego. Kwaya ikaanza kuimba. Nikavuta vyuma vya mkono. Kimya. Nikavisukuma. Kimya. Kwaya ikaingia ubeti wa pili.

"Kuna shida?" Mwalimu akauliza.

"Inapata joto kwanza!"

Pasta akakaribia, akaweka mkono kwenye mnyororo, akaanza kukemea mapepo. Njoroge akashindwa kuvumilia.

"Pasta, rudi nyuma! Mama, shusha hicho chuma ya kifuani! Bila hiyo haitembei!"

"Kwani si yeye ndiye mwenyewe?" Mwalimu akauliza.

Nikakishusha kwa hasira. Nikashika vyuma viwili, kimoja nikasukuma mbele, kingine nikavuta nyuma. Mnajua kitingatinga cha minyororo kinafanya nini hapo? Mimi sikujua. Kinajizungusha papo hapo, hakiendi popote! Niliona pasta, chai, Mwalimu, pasta, chai, Mwalimu. Udongo ukaruka. Kwaya ikakatika katikati ya neno. Na kusimamisha ni kuachilia mikono tu, ndivyo nilivyoambiwa baadaye. Mimi nilizidi kushikilia, naogopa kuanguka!

"Achilia, mama! Achiliaaa!"

Nikaachilia. Katikati ya uwanja sasa kuna shimo la kuogeshea ng'ombe. Vitambaa vya kwaya vimekuwa vyekundu kwa udongo.

Kevo, ambaye hakuna aliyemuuliza, akasema, "Mwalimu, hizi mashine ni za makampuni yetu. Huyu mathe alikuwa bado anachagua." (Ukweli una wakati wake, Kevo!)

Wauzaji wakaanza kupakia mashine kwenye malori bila kuniaga. Mwalimu akanigeukia.

"Mama Kabro. Ulisema mashine ziko."

"Ziko, Mwalimu."

"Naona. Zinaenda."

Akaingia stoo, akatoka na jembe na wilbaro, toroli la gurudumu moja. "Hizi ni zangu. Jumamosi nataka uwanja." Kuhusu uwanja wa kanisa hakusema neno, nami sikuthubutu kuuliza.

Kwa hivyo nimekaa ukingoni mwa shimo langu nawaandikia, na mvua ya Njoroge imeanza. Msicheke. Atakayecheka aje Roret kesho na jembe lake.

Aliyeniudhi kuliko wote ni pasta. Alipokuwa anaondoka, anapangusa miwani, alisimama kando ya wilbaro akaniuliza kwa upole kabisa, "Hii nayo tuiombee?"

Nikafumba macho yote mawili. Gurudumu halina upepo.