Macho ya Nguruwe wa Mchungaji

Jumatatu, 10 Juni

Binti yangu Siulolo karudi kutoka chuo cha uuguzi, uso umemsinyaa. Ijumaa atasimama mbele ya mwalimu, apasue jicho, aonyeshe tabaka la mishipa ya damu na kazi zake. Mara ya kwanza alishindwa. Akishindwa tena, anafukuzwa! Atakuja kufungasha maboga ya kuuzwa ng'ambo ghalani kama mama yake. Sitaki hata kufikiria. Na macho ya mazoezi hayajafika, meli imechelewa. Kila mwanafunzi ajitafutie lake.

Nikamwambia anifundishe kwanza mimi. Akacheka, akasema Mama, wewe uliishia darasa la tano. Nikamjibu na yeye alianzia tumboni mwangu, aseme.

Basi, jicho lina makoti matatu. La nje jeupe, gumu. La ndani ndilo linalopokea mwanga. La katikati ni mishipa mitupu, jeusi kama sufuria la kuni. Linalilisha lile la ndani, na linameza mwanga uliozidi usije ukarukaruka humo. Huko mbele linageuka msuli, unaoivuta lenzi na kutoa maji ya ndani ya jicho. Mbele zaidi ni ile pete ya rangi, inayofungua na kufunga tundu la mwanga.

Nikamwambia, nimeelewa yote! Koti la katikati ni mimi. Liko gizani, linalisha nyumba nzima, hakuna anayeliona.

Kasema pia jicho la nguruwe limefanana sana na la mtu. Nguruwe tunaye. Keshokutwa anaokwa kwa ajili ya mchungaji mgeni. Mpango ulikuwa tayari kabla chai haijapoa.

Jumanne, 11 Juni

Kaja Vaimoana, wifi yangu. Kaingia bila hodi, kama kawaida. Dada wa mume ni dada wa mume. Akipenda kitu nyumbani kwa kaka yake anakibeba, nawe unamshukuru. Leo kabeba feni.

Mwanawe Lesieli yuko darasa moja na Siulolo. Kaniambia kapata macho ya ng'ombe kwa mchinjaji. Eti ukilipasua, ndani linang'aa buluu na kijani kama gamba la chaza! Akaniuliza la kwenu litang'aa, wifi? Nikasema litawaka. Kisha nikaenda nje kuwafokea kuku.

Jumatano, 12 Juni

Siku ya karamu. Kepueli, mume wangu, kamchinja nguruwe alfajiri. Nikamwambia akaangalie kuni. Alipogeuka nikayatoa macho yote mawili kwa kijiko. Mazima! Nikayatia kwenye kopo la aiskrimu, kopo likaingia kwenye friji.

Tatizo moja dogo. Huku nguruwe hupelekwa mzima, kichwa kimemwelekea mgeni wa heshima. Mashimo mawili yangemtazama mchungaji wakati wa hotuba. Lakini mimi si mtu wa kushindwa. Alipoiva nikamtia tofi mbili nyeusi. Alipendeza kuliko alipokuwa hai.

Hotuba zikarefuka. Nguruwe alikuwa bado wa moto. Tofi zikaanza kuyeyuka. Mzee mmoja wa kanisa akaropoka, jamani, nguruwe analia! Ukumbi mzima ukakodoa macho. Machozi meusi yakamtiririka mpaka puani. Nikazama ndani ya mkeka wangu wa kiunoni, vazi letu la heshima, nikaomba ardhi inimeze.

Mchungaji akasimama. Akasema hata mnyama huyu ameona dhambi za kijiji hiki, nanyi macho makavu! Wanawake wakalia. Sadaka ikajaa. Mtoto mmoja akalamba chozi, akasema tamu, akafinywa.

Vaimoana hakulia. Alikuwa ananitazama mimi.

Alhamisi, 13 Juni

Msiba! Nimerudi kutoka ghalani, kopo halipo. Kepueli kasema dada yake alipita, akaona kopo la aiskrimu, akalibeba. Nikamuuliza kwa nini hukumzuia? Akanitazama kana kwamba nimemwambia amzuie mfalme.

Siulolo analia chumbani. Kesho ndiyo Ijumaa. Nikamwambia tulia, mwanangu, mama yupo.

Nikaoka lu, nyama ya kopo ndani ya majani ya majimbi na tui la nazi, nikampelekea wifi. Akiona lu haoni kingine. Alipokuwa anakula barazani, nikasema naenda kunywa maji. Kwenye friji makopo mawili, yote ya aiskrimu. Moja macho madogo. Jingine macho makubwa, ya ng'ombe.

Nilikuja kuchukua ya kwetu. Naapa. Lakini buluu na kijani! Kama chaza! Mwanangu aonyeshe sufuria la kuni, Lesieli aonyeshe chaza? Mkono ukachagua wenyewe. Nikalificha lile la ng'ombe chini ya mkeka wa kiunoni, nikaaga. Vaimoana akasema umenenepa, wifi. Nikamshukuru.

Ijumaa, 14 Juni

Nilisubiri nje ya dirisha la darasa. Kumbe mwalimu alikuwa ameuliza kuhusu tabaka hilo la binadamu, na kwa binadamu hakuna king'aacho!

Siulolo akapasua. Likang'aa. Akasita. Mwalimu akamuuliza, hili nalo ni nini? Ghafla akasema, mwalimu, hili ni la ng'ombe. Kipande hiki kinaurudisha mwanga mara ya pili, ng'ombe apate kuona gizani. Sisi hatuna. La kwetu ni jeusi kama sufuria la kuni, linameza mwanga uliozidi, linalisha koti la ndani. Liko gizani, linalisha nyumba nzima, hakuna anayeliona.

Nikapiga vigelegele. Mlinzi akanitoa.

Kafaulu!

Lesieli naye kafaulu, kwa macho yetu. Mwalimu kasema hajaona jicho lililokaribia hivyo la mtu.

Jumapili, 16 Juni

Baada ya ibada kaja Vaimoana. Nikajua nimekwisha. Akasema anajua kila kitu, tangu tofi. Akakaa. Akasema wifi, mwanangu kafaulu kwa wizi wako, wako kafaulu kwa wizi wangu, tunyamaze wote. Akaniletea feni. Akabeba redio.

Siulolo kanikumbatia, kasema Mama, nakuomba, muhula ujao usinisaidie. Maskini, furaha inamchanganya. Bila mimi angejibu nini?

Leo hakuna kazi, lakini kufikiri si kazi. Muhula ujao ni sikio. Nimekwenda bandani kumtazama yule nguruwe mdogo wa Krismasi. Masikio makubwa, safi. Nitachukua moja tu. Mahali pake nitamchomekea ua la waridi. Nguruwe mwenye ua sikioni, nani atamkagua kama sikio lenyewe lipo?