Panya Darini, Ofisi ya Mifugo

Jumatatu, 6 Machi 1989

Dharau! Daktari Dadacha, mkuu wetu hapa ofisi ya mifugo, amempa Kaltuma ufunguo wa chumba cha kompyuta. Kaltuma, taipisti! Mimi Awale, karani mkuu, nimeachiwa stepla. Na sasa mashine imegoma. Programu ya ratiba ya chanjo haifunguki, eti kumbukumbu haitoshi. Alhamisi wafugaji wanaleta mbuzi Ngaremara. Bila ratiba hatujui kundi gani lichanjwe wapi. Daktari amesema atakayeitengeneza atapelekwa kozi Nairobi. Nimecheka kimoyomoyo. Nani mwingine?

Jumanne, 7 Machi

Nimesoma kitabu cha mashine. Rahisi mno! Kumbukumbu ni kama nyumba. Programu zimebanana chumba cha chini, kumbe juu, darini, kuna nafasi tele. Kuna programu ndogo ya kuhamishia vitu huko. Kitabu kinaonya kwamba pembe nyingine za dari zina wenyewe, yaani skrini na kadi zilizochomekwa nyuma, kwa hiyo lazima uziandike kwenye faili la kuwashia zisiguswe. Tena uhamishe kitu kimoja, uzime, uwashe, utazame. Tena uweke kando disketi ya kuwashia mashine ikikwama. Kitabu cha waoga!

Kaltuma akasema ataanza na disketi hiyo. Nikamwambia sisi wa mtaa wa Kiwanjani hatuagi kabla ya kufika. Akauliza maana yake nini. Mtu asiyejua methali aende kozi ya nini?

Jumatano, 8 Machi

Kaltuma alienda kuswali adhuhuri. Ufunguo mezani! Nikaingia. Nikahamisha vyote kwa mpigo mmoja, hata programu ya kile kidude cha kuburuta wanachokiita panya. Panya mahali pake ni darini, mtoto mdogo anajua. Pembe za skrini na kadi sikuziacha pia. Nafasi ikae bure kwa nini?

Nikazima, nikawasha. Zikatokea nyota, herufi zilizokatika nusu, kisha giza. Nikazima tena. Vilevile. Nikaipiga kofi ubavuni. Vilevile.

Kosa la Kaltuma. Nani huacha ufunguo mezani? Daktari akaniuliza nilifuata nini mle ndani. Nikasema napangusa vumbi. Akaniangalia mikono mitupu. Hana adabu.

Alhamisi, 9 Machi

Mzee Erot, msemaji wa wafugaji, alikuja mwenyewe kutoka Ngaremara, jasho tupu. Akasimama mlangoni. “Mbuzi yangu iko kwa jua, barafu ya dawa hapo kwa gari inaisha, na nyinyi munaangalia televisheni?”

Televisheni! Nikafungua mdomo nimweleze tofauti. Daktari akaniambia niufunge.

Ndipo Kaltuma akatoa disketi yake. Alikuwa ameshaitengeneza, kimyakimya, kama mwizi! Akaichomeka, mashine ikaamka. Akafuta mistari yangu yote bila hata kuniomba ruhusa. Akaandika pembe zisizoguswa. Akahamisha panya peke yake, akazima, akawasha, akatazama. Kisha kitu cha pili, vivyo hivyo. Mwendo wa kinyonga! Mzee Erot akawa anasimama na kukaa. Hatimaye programu ikafunguka, ratiba ikachapwa, gari likaondoka na dawa. Mbuzi wamechanjwa.

Daktari akampa Kaltuma mkono. Mzee Erot akamwombea baraka. Hakuna hata mmoja aliyekumbuka nani alisoma kitabu kwanza. MIMI!

Jumatatu, 13 Machi

Kaltuma yuko Nairobi. Mimi nimehamishiwa Rapsu, kwenye mashamba ya kumwagilia. Daktari alinipeleka hadi garini na kunishikia begi. Angalau ana aibu.

Huku hakuna kompyuta. Kuna pampu ya dizeli inayopeleka maji kwenye vitunguu, nayo inakohoa. Fundi wake, Ibrae, amekwenda Kinna kutafuta spea. Ameacha neno kwamba isiguswe mpaka arudi. Isiguswe! Kila mahali ni wivu tu.

Nimeizunguka. Ina bolti nyingi mno. Nyingine zimekaa tu, hazizunguki, hazifanyi kazi yoyote. Nimezitoa. Ziko mfukoni mwangu ninapoandika haya. Akina mama wanaita maji kutoka shambani. Wasubiri kidogo. Naivuta kamba ya kuiwashia sasa hivi.