Kaimu Afisa wa Volteji, Kituo cha Bumula

"Umma wote unatangaziwa kwamba kuanzia Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi, jua lote linalowaka katika kaunti za Trans-Nzoia na Bungoma litakuwa chini ya Mamlaka ya Uratibu wa Jua, Ofisi ya Kanda, Kitale. Wananchi wanaombwa kushirikiana. Jua litakalowaka kabla ya saa mbili halitatambuliwa."

Tangazo hilo lilibandikwa kwenye mlango wa ofisi, kwenye lango la soko na, kwa kuwa gundi ilibaki, kwenye bati la kinyozi mmoja ambaye hakuwepo kukataa. Aliyeliandika ni Zachary Kimotho, Kaimu Mkurugenzi wa Kanda. Alilisoma mara tatu akiwa amesimama barabarani, mikono nyuma, na kila alipolisoma alizidi kukubaliana nalo. Tangu enzi za mababu watu walikuwa wakilitumia jua kiholela, wakianika mahindi popote walipotaka, na hakuna hata mmoja aliyewahi kujaza fomu.

Kaimu. Neno hilo tusilipite haraka, maana Kimotho mwenyewe hakuwahi kuweza kulipita. Alikabidhiwa kiti kwa wiki mbili, mwenye kiti alipokwenda Nairobi kung'olewa jino. Mwenye kiti akapata kazi nyingine huko huko, makao makuu yakasahau, na wiki mbili zikawa miaka tisa. Nyumbani, mkewe Wacera alikuwa anamfuga mbuzi wa sherehe ya kuthibitishwa kwa mumewe. Huyu alikuwa wa nne. Watatu waliotangulia, walionunuliwa wakiwa wakubwa tayari, walikufa kwa uzee.

Basi mtaelewa moyo wake ulivyodunda siku barua ilipofika kutoka makao makuu. Ilisema serikali imechoka kuona umeme wa jua ukipotea juu ya mabati. Katika kanda itakayokuwa ya kwanza kuuingiza kwenye laini ya stima kwa kutumia inveta mahiri, yaani kifaa cha kuugeuza umeme wa jua uwe stima ya laini, na ikafanya hivyo miezi sita bila doa, afisa atakayekuwa ameitenda kazi hiyo atathibitishwa kuwa Mkurugenzi. Kimotho aliikunja barua ile akaiweka mfuko wa ndani wa koti, upande wa moyo.

Inveta haikuwa mbali. Ilikuwa Bungoma, katika karakana iliyo nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, mikononi mwa Injinia Nabwile. Binti huyu wa Sirisia alikuwa ameihangaikia miaka mitatu, akaunguza mbili na nyusi zake mara moja. Aliileta Kitale imefungwa kwa leso, akifuatana na Mzee Khaemba, mwenyekiti wa kikundi cha maziwa cha Bumula.

"Mkubwa," Khaemba alianza kabla hajakaa, "sisi tuko na sola kwa mabati na tuko na friji kubwa ya maziwa. Lakini saa sita jua ikiwaka kabisa, stima kwa laini inapanda, hii inveta ya zamani inaogopa inajizima. Friji inalala. Jioni maziwa yote imeharibika. Si maziwa mala ya kunywa, bana, ni ya kumwaga."

"Hii haiogopi," Nabwile akasema, akifungua leso. Lilikuwa boksi la chuma lenye mapezi ya kutoa joto mgongoni na kioo kidogo usoni. "Inapima laini saa zote. Stima ikipanda, inapunguza kidogo. Mvua ikikuja na stima ishuke, inasukuma. Na laini ikikatika inakaa kando, isiue fundi mwenye amepanda kwa nguzo."

Kimotho aliliangalia boksi jinsi mtu anavyomwangalia mchumba wa bintiye. "Na nani anaiambia ipunguze?"

"Hakuna. Inaamua yenyewe."

Katibu wake, Pauline, aliacha kuchapa.

"Inaamua," Kimotho akasema.

"Mara hamsini kwa sekunde, bosi."

"Bila barua?"

Hapo ndipo Nabwile alipofahamu kwamba miaka mitatu ya karakana ilikuwa sehemu nyepesi ya kazi.

Kamati ilikaa siku hiyo hiyo, baada ya chai. Kanuni ilikuwa wazi: uamuzi wowote kuhusu volteji ufanywe na afisa wa Mamlaka mwenye nambari ya kazi. Pendekezo la kwanza lilikuwa afisa mmoja apelekwe Bumula, akae kwenye stuli kando ya inveta, aidhinishe kila uamuzi kwa nakala tatu. Pauline akapiga hesabu na kusema zitahitajika karatasi karibu milioni sita kwa siku, na kwenye stoo kulikuwa na rimu mbili, moja imeliwa na panya. Mjumbe mwingine akapendekeza inveta ipunguze kasi ya kufikiri hadi kiwango cha kawaida cha ofisi, yaani uamuzi mmoja kwa robo mwaka. Nabwile aliinamisha kichwa mezani, na kumbukumbu za kikao zikaandika kwamba injinia aliafiki.

Aliyewatoa kwenye matope alikuwa Kimotho. Tumpe haki yake, akili haikumkosa.

"Kama uamuzi lazima ufanywe na afisa," alisema, "si tuiajiri?"

Kamati ikampigia makofi ya kilo.

Kuajiri mtu si kama kununua sukuma wiki, na Mamlaka haikukubali njia za mkato. Chifu wa Bumula aliandika barua kwamba anaifahamu inveta na familia yake. Kwa cheti cha tabia njema zilitakiwa alama za vidole, kwa hiyo mapezi kumi ya kwanza yalipakwa wino na kukandamizwa kwenye fomu, na polisi hawakupata rekodi yoyote ya uhalifu. Jopo la usaili liliiuliza inajiona wapi baada ya miaka mitano. Inveta, iliyokuwa imechomekwa ukutani, ikaonyesha 240, volteji sahihi ya laini. Jopo lilikiri kwamba halijawahi kupata jibu lililonyooka namna ile, tena kutoka kwa mwombaji ambaye hakutaja mjomba wake hata mmoja.

Yote hayo yalichukua miezi minne. Kila alasiri ya miezi hiyo akina mama wa Bumula walimwaga maziwa mtaroni, na mbwa wa Bumula wakawa na vitambi. Khaemba alipiga simu kila siku. "Madam Pauline, ng'ombe hajui kungoja kamati," alisema siku moja. Pauline aliandika ujumbe, akautia kwenye trei ya ujumbe unaoingia, ambayo Kimotho aliiheshimu sana na hakuwahi kuigusa.

Hatimaye barua ikatoka. Inveta aliteuliwa Kaimu Afisa wa Volteji, Kituo cha Bumula, akapewa nambari ya kazi na kibao cha jina. Nabwile akamfunga ukutani asubuhi. Saa sita jua likawaka kama kawaida yake, stima ikapanda, na afisa mpya akapunguza kidogo, akashikilia. Friji haikulala. Saa kumi Khaemba alifungua kifuniko, akachota kikombe, akanywa, kisha akatoka nje akasimama peke yake nyuma ya choo kwa muda. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akasema ni vumbi.

Mvua za jioni zilipoanza kushuka kutoka Mlima Elgon, afisa alisukuma. Siku laini ilipokatika alikaa kando, na fundi akashuka kwenye nguzo salama akaenda kwake kula ugali.

Sasa, Kimotho alikuwa na desturi moja iliyomlinda miaka tisa: jina lake halikuonekana popote mpaka jambo lifaulu. Vifaranga hawahesabiwi kabla ya kuanguliwa, na boksi lenye waya laweza kulipuka. Je, likilipuka, nani ataitwa Nairobi? Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi aliandika kwenye faili, kwa mkono wake, tena kwa wino wa kijani wa wakubwa: "Uamuzi wote umefanywa na Afisa wa Volteji, Bumula. Ofisi ya Kaimu Mkurugenzi haikuhusika kwa vyovyote." Mwezi wa tatu, baada ya radi kupiga mti jirani, alipiga mstari chini ya "kwa vyovyote". Mwezi wa tano aliongeza: "wala haijui jambo hilo linavyofanya kazi."

Kwenye fomu za tathmini, hata hivyo, hakuwa mchoyo, maana sifa za mdogo hupanda kwa mkubwa. Aliandika kwamba afisa huyu hufika kazini kabla ya jua. Hajaomba ruhusa ya mazishi hata moja. Hajadai marupurupu ya safari. Hajawahi kusema "rudi kesho".

Miezi sita ikatimia bila doa. Kimotho akapeleka faili Nairobi, akashona suti, na Wacera akamchinja yule mbuzi wa nne asubuhi ya Jumamosi ambayo jibu lilitarajiwa, mbuzi akiwa bado ana meno. Hema likasimamishwa nyumbani kwao nje ya Kitale. Kwaya ya kanisa ikaja, majirani wakaja, wasiotambulikana wakaja mapema zaidi. Khaemba alileta mtungi wa maziwa baridi, na Nabwile akaja na leso yake mabegani. Nyama ikiwa mezani, mpanda pikipiki akaleta bahasha ya kaki.

"Soma, Pauline," Kimotho akasema, akifunga kifungo cha koti. "Soma kwa sauti."

Pauline akasoma. "Makao makuu yamelipitia faili kwa makini. Imedhihirika, kwa maandishi ya Kaimu Mkurugenzi mwenyewe, kwamba kazi yote ilitendwa na Afisa wa Volteji, Bumula. Afisa huyo, kuanzia leo, amethibitishwa kuwa..." Akasita.

"Endelea," Wacera akasema.

"...Mkurugenzi wa Kanda. Bwana Z. Kimotho ataendelea kukaimu, sasa kama Msaidizi wa Mkurugenzi, na atahamia Bumula aliko mkubwa wake."

Kwaya haikujua kama ni wakati wa kuimba, ikaimba ubeti mmoja ikaacha. Kimotho alitoka kando ya hema akapiga simu Nairobi.

"Hilo ni boksi!" alifoka. "Limefungwa kwa ukuta na skrubu!"

"Bwana Kimotho," sauti ikajibu kwa utaratibu, "hapa hatubagui watumishi kwa maumbile. Ana nambari ya kazi, barua ya chifu, cheti cha tabia njema. Usaili alipita, na kila tathmini umetia sahihi wewe. Wewe una nini?"

"Niko na miaka tisa!"

"Ya kukaimu."

Alirudi hemani akakaa. Suti ilimbana mabegani. Alitamani alie, lakini majirani walikuwa wanakula. Wacera akamwekea mkono begani. "Baba Beth," akamwambia polepole, "kula nyama. Mbuzi huyu si wa kungojwa tena."

Jumatatu aliripoti Bumula, akiwa na barua ya uhamisho kwa nakala tatu. Khaemba alimpokea kwa mikono miwili, maana ni mtu wa heshima.

"Karibu, Msaidizi. Bosi ako ndani, anafanya kazi."

"Na mimi nitafanya nini?" Kimotho akauliza.

Nabwile alikuwa anakaza waya mmoja. Alifikiri kidogo. "Kuna kitu moja tu hawezi kujifanyia. Vumbi ya barabara inakalia paneli, na ndege nao. Lazima mtu apande apanguse."

Akampa kitambaa na ndoo. Kimotho alivua koti, akalining'iniza kwenye msumari, akapanda ngazi, akaanza na paneli ya kwanza. Alipangusa ovyo mwanzoni, kisha, kwa kuwa hakuna aliyekuwa anamtazama, akapangusa vizuri. Paneli ya saba ilikuwa na tope lililogandamana, akalikwangua kwa ukucha.

"Imepanda!" Khaemba akapaza sauti kutoka ndani. "Msaidizi! Stima imeongezeka!"

Kimotho akasimama juu ya mabati, ndoo mkononi. Alikuwa ametoa miongozo mia mbili na kumi na minne katika maisha yake, na hakuna mita yoyote duniani iliyowahi kusogea kwa sababu yake. Alifurahi, na furaha ile ilimtia aibu zaidi kuliko barua yote ya Nairobi.

Saa saba njaa ikamshika. Alishuka, akanawa, akamwambia Nabwile anatoka kidogo akale sokoni.

"Sawa," Nabwile akasema. "Lakini umejaza ombi? Si ndiyo kanuni yenu, ruhusa kutoka kwa mkubwa wa kituo?"

Ndiyo ilikuwa kanuni. Aliiandika mwenyewe. Akatoa fomu mfukoni, akaijaza vizuri, akaingia kwenye chumba cha friji, akasimama mbele ya kile kioo kidogo huku ameishika fomu kwa mikono miwili kifuani. Kioo kilionyesha 241, kisha 240. Akakohoa kidogo kwa adabu. Dakika kumi zikapita, zikawa ishirini. Nje jua liliwaka kwelikweli, na laini ilikuwa inataka kupanda. Mkurugenzi hakujibu. Alikuwa na kazi.