Gari Lililoondoka Mke Wangu Akiwa Katikati ya Sentensi

Mlandizi, Pwani
Ijumaa, 14 Juni 2024
Mwaka wa tatu tangu niondoke nyumbani Mbuba, Ngara

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Magari,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MAGARI KUCHANGANYA MWENDO UPESI KUPITA KIASI

Natumaini hapo ofisini mko salama, na kama kuna mwenye mafua basi yamwishe. Mimi ni Paschal Kazimili, kibarua wa zege, elimu yangu darasa la saba. Gazeti lenu nililikuta limefungiwa misumari, lakini ukurasa wa magari ulikuwa mzima.

Humo mmelisifu gari moja dogo, jepesi, la watu wawili, lisilo na paa. Mmeandika kwamba kutoka kusimama hadi mwendo wa kilomita mia kwa saa, la kizazi cha kwanza lilitumia kama sekunde tisa, la pili nane na kitu, la tatu saba na kitu, na hili la nne la siku hizi sita na kitu. Mkamalizia kwa kusema hayo ndiyo maendeleo. Ndugu Mhariri, sekunde hizo mnazofurahia kupunguzwa zilikuwa zangu.

Bosi wangu, Evaristi, ni mtu wa kwetu Ngara aliyefanikiwa huku Pwani. Anayo magari hayo manne, moja la kila kizazi, na jioni huyatazama kama sisi Wasukuma tuliohamia Ngara tunavyotazama ng'ombe wakiingia zizini. Alikuja Ngara harusini na lile la nne. Wakati wa kurudi akasema anahitaji kibarua, na kiti kimoja kilikuwa wazi. Ndugu wakanisindikiza kwa miguu mpaka kwenye lami. Nikaingia. Mke wangu Magdalena akashika mlango, akainama, akaniambia: "Baba Yuster, ukifika huko, usithubutu hata siku moja..."

Bosi akakanyaga mafuta. Nilipofanikiwa kugeuka, Magdalena alikuwa mdogo kama kifaranga, na mdomo bado ulikuwa unacheza.

Mpaka leo sijui nilikatazwa nini. Kwa hiyo nalalamika kama ifuatavyo:

1. Vipimo vyenu havikuzingatia maagano. Kwetu mtu akisindikizwa huongea njia nzima habari za mvua na mahindi. Jambo lenyewe hulisema mwisho, gari likishawaka. Gari la kizazi cha kwanza lilielewa hivyo, likajivuta kwa adabu. Hili la nne halimpi mtu nafasi.

2. Nimepiga simu nyumbani mara nyingi. Magdalena anajibu: "Maneno ya kumsindikiza mtu hayasemwi kwenye simu. Njoo uondoke tena, nitakwambia." Je, gazeti lenu liliwahi kuandika hasara ya aina hii?

3. Kwa kuwa sijui ni kipi nilichokatazwa, imenibidi niache vyote. Sinywi. Sichezi karata. Sijaonja pweza. Sipandi bodaboda. Ndevu sijanyoa, maana huenda ni hizo. Mama ntilie wetu, Febronia, namwambia "ongeza maharage" tu, kisha naangalia chini. Hapa kazini wananiita Padri, na juzi fundi mmoja ameniomba nimbarikie toroli lake.

4. Mmesifu wepesi wa gari bila kuuliza wepesi huo umeletwa na nini. Mimi najua. Halina mahali pa kuweka kitu. Mama mkwe wangu, Bi Kalista, alinipa mkungu wa ndizi wa njiani, nikaupakata. Gari lilipochomoka, mkungu ulinikandamiza kwenye kiti, nikashindwa hata kugeuza shingo kumsikiliza mke wangu. Lakini nasema ukweli, mkungu huo ulisaidia pia, kwa sababu uliongeza uzito. Kwa mkungu mmoja nilisikia mpaka "hata siku moja". Naamini kabisa kwa mikungu miwili ningesikia jambo lenyewe, na kwa mitatu ningepata na salamu za shemeji.

5. Sikutaka kulalamika bila ushahidi. Jumapili iliyopita bosi alikuwa anayapasha moto magari yake, nikamwomba nikae pembeni yake katika kila moja. Mwenzangu Mhoja, kijana wa Biharamulo, alisimama mlangoni akisema sentensi ya Magdalena kwa mwendo wa Magdalena, na mwisho akijazia la kwake. Katika kizazi cha kwanza nilisikia yote: "Baba Yuster, ukifika huko, usithubutu hata siku moja kumnyima Mhoja nyama, hasa ya ubavu, nasema tena ya ubavu." Katika cha pili, ubavu haukufika. Cha tatu kilikuwa kimenenepa, nikapata matumaini, kumbe kimeongezewa na injini. Nikaishia "kumnyima Mhoja". Cha nne kilinifikisha "hata siku", kwa sababu safari hii sikuwa na ndizi.

Hesabu ni rahisi, Ndugu Mhariri. Kila kizazi kinakula maneno. Kizazi cha tano kitaondoka na "Baba Yuster". Cha sita kitaondoka mke akivuta pumzi. Cha saba mtu atajikuta yuko Mlandizi, na huko nyumbani hawajajua kama ana safari.

Naomba basi gazeti lenu liwaandikie wanaotengeneza gari hili, wahakikishe kizazi kijacho kinachelewa. Wakikataa, waweke kengele. Gari hilo tayari linapiga kelele mtu asipofunga mkanda. Linashindwaje kupiga kelele mtu asipomaliza kuagwa? Injini isikubali kuvuta mpaka mke aachie mlango kwa hiari yake. Vilevile kila mnapolipima, mliwekee mikungu miwili na mama mkwe awe amesimama pembeni. Hapo ndipo nitayaamini matokeo yenu.

Wasalimie wapiga chapa, na yule aliyechora jedwali, sina ugomvi naye. Mhoja anawasalimu. Bosi hajui kama nimeandika.

Wenu katika kusubiri,
Paschal Kazimili (Baba Yuster)

N.B. Kabla sijaifunga barua hii, bosi ameniita. Anakwenda Ngara kwenye ubatizo, na kiti kimoja kiko wazi. Kwa kuwa namwoshea magari, ameniambia nichague tutakalokwenda nalo. Nimechagua la kizazi cha nne. La kwanza linajivuta mno. Nimemwomba pia tusibebe ndizi.

Nimempigia Magdalena kumwarifu. Amecheka mpaka simu ikakatika, akapiga tena mwenyewe, akasema kile alichonikataza ameshakisahau, ila niendelee hivyo hivyo kutokifanya. Kwa hiyo msichapishe barua hii, au chapisheni ile sehemu ya ndizi tu. Tunaondoka Jumamosi ijayo alfajiri, tutalala njiani, na Jumapili tarehe 23 kabla ya misa ya pili nitakuwa nashuka Mbuba, na ndevu zangu zote.